Mota ya Mama Akinyi

Juzi kando ya Ngong Road nilimwona fundi akifunga waya mweupe kwenye mota ya pampu, na harufu ya vanishi ikanirudisha kwenye veranda yetu ya Woodley.

Mama yangu alikuwa fundi wa mota. Alasiri moja nikiwa mdogo alikuwa akimalizia ya Mama Akinyi, aliyekuwa na mashine ya kusaga unga Kawangware. Siku zote mama alitumia waya wa shaba, wenye wekundu. Huu wa siku hiyo uling'aa kama pete, nami nikaamini ni fedha. Mama Akinyi alipofika, nikamkimbilia.

"Mama amekuwekea fedha tupu."

Alicheka, akamtazama mama. Mama alifuta mikono polepole.

"Ni aluminiamu," alisema. "Shaba ya saizi ya mota yako nimekosa kwenye maduka ya tao nzima. Nimeweka waya mnene zaidi, lakini bado itapata joto haraka kuliko shaba. Ukisaga masaa mawili, ipumzishe."

Nilimkasirikia mama. Niliona anaishusha kazi yake mwenyewe, na kifuniko kikishafungwa nani angejua? Sikuelewa kwamba hapo ndipo alipokuwa fundi hasa.

Mama akaiwasha. Mota ikanguruma taratibu juu ya meza, na Mama Akinyi akainama kuisikiliza.

"Yule fundi wa mwisho alinifungia aluminiamu hii hii, akaniapia ni shaba," alisema. "Nikasaga kutwa nzima mpaka ikaungua."

Kisha akaketi, akavua viatu.

"Niko na mota ingine nyumbani. Kesho nakuletea."