Kunegunda na Bustani Iliyoandikwa Wazi

Msinidanganye kwamba bustani hujitunza yenyewe. Ile bustani ndogo ya Songea, juu kidogo ya soko, ilitunzwa na mtu mmoja tu, jina lake Kunegunda, mzaliwa wa Maposeni, mjane mwenye sauti ya kuamsha parokia nzima. Miaka kumi na minane alifagia majani ya mijakaranda, akapaka grisi minyororo ya bembea, akagombana na kila aliyetupa ganda la ndizi. Wageni waliokuja kupumzika wakisubiri basi la Tunduru walidhani ni mali yake. Na tuseme ukweli, ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Asubuhi moja ya Juni, mwaka 1994, baridi ikiuma masikio, aliingia kijana mwenye mkoba. Alikuwa Edmund, karani wa ardhi aliyehamia kutoka Iringa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Tunahakiki maeneo ya mji. Eti hapa pako wazi?"

Kunegunda aliona swali lenyewe ni matusi. "Wazi, baba! Toka asubuhi mpaka jua linazama. Jumapili wazi, sikukuu wazi. Tangu nianze kazi sijamfungia mtu."

Edmund aliandika, akamgeuzia karatasi. Kunegunda akaweka sahihi yake kwa ule mwandiko wa kulaza aliofundishwa na masista, akageuka ili amwonyeshe bembea zilivyopakwa rangi upya. Kijana alikuwa ameshafika barabarani.

Laiti angesoma! Lakini nani husoma karatasi ya ofisi iliyoletwa na kijana mwenye adabu?

Wiki mbili baadaye alimkuta Beda, kibarua wa wapima ardhi, akigongomea kigingi chekundu hatua tatu kutoka kwenye bembea. Vingine sita vilikuwa vimesimama katikati ya nyasi.

"Wee Beda! Umelogwa?"

"Nimetumwa, mama. Hapa inajengwa baa. Disko huku, jiko la nyama choma pale."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wenzangu, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye friji na kaunta alitafuta mahali pa kuziweka.

"Kwa ruhusa ya nani?" Kunegunda aliuliza.

Beda alijikuna kichwa. Alikuwa na haya, maskini. "Yako, mama," akasema, akatoa nakala mfukoni.

*Kiwanja kiko wazi. Hakina mtumiaji. Mtunzaji amethibitisha.* Na chini, mwandiko wa masista.

Unaona mambo hayo? Ofisini, kiwanja kilicho wazi ni kiwanja kitupu kinachongoja mtu wa kupewa. Kwa Kunegunda, wazi ni mlango usiofungwa. Neno lilikuwa lilelile, na yeye alilitamka kwa nia njema. Ya mwenzake siijui.

"Yesu na Maria!" alisema, akakaa chini palepale kwenye umande. "Nimeitoa kwa mdomo wangu mwenyewe."

Hakukaa sana. Alifunga kanga kiunoni, akaenda ofisini mguu kwa mguu. Kwa kuwa Edmund alikuwa Mhehe na yeye Mngoni, watani wa jadi, aliingia kwa mlango wa utani, ule wa kutupiana matusi ya vyakula bila kukasirikiana.

"Kumbe wewe mla mbwa, mbwa wameisha sasa unakula bustani!"

Edmund alicheka mpaka meza ikatikisika. "Rudi ukatege panya wako, mama. Mngoni akishasaini amesaini."

"Futa neno lako, mtani. Mimi nilisema mlango."

Edmund aliinuka, akasukuma mlango ukafungika. "Nisikilize. Orodha ya kupunguza wafanyakazi iko mezani kwa mkubwa. Watunza bustani mko watano, wanabaki wawili. Kamati ya viwanja inakuja kuangalia Alhamisi. Ukiulizwa, sema sahihi ni yako, basi. Anayejua kunyamaza hapunguzwi."

Mtani akikutisha, unacheka, ndiyo desturi. Kunegunda alicheka. Akacheka peke yake, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Siku tatu alipiga hesabu. Alikuwa na chumba kimoja cha kota ya wafanyakazi, na humo alilala na binti yake Wema na wajukuu wawili. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda. Wema alimwambia wazi kabisa: "Mama, baa ikijengwa watoto watacheza kwingine. Sisi tutalala wapi?" Kunegunda alichukua ufagio, akatoka kwenda kufagia majani.

Alhamisi kulikucha na manyunyu. Saa nne kamati ilifika, watu watatu ndani ya makoti, mbele yao mwenyekiti, Mwalimu Walburga, mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu wa mji ule kusoma. Bustani nzima haikuwa na mtu. Mabenchi yalikuwa yameloa, bembea zinaning'inia tu. Mungu naye, siku nyingine!

Edmund alifungua faili chini ya mwavuli. "Mama, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

Faili likafungwa. Hapo ndipo pangekuwa mwisho. Angenyamaza, angebaki na kazi na chumba, na hakuna ambaye angemlaumu. Mimi mwenyewe nisingemlaumu. Lakini alisogea mbele ya mwavuli.

"Sahihi ni yangu, mwalimu," alisema. "Maneno si yangu. Niliulizwa kama pako wazi, nikajibu pako wazi, watu wanaingia. Sikusema hapana watu."

Mjumbe mmoja aligeuza shingo huku na huku. "Sasa mama, hao watu wako wapi? Toka tufike nimeona kunguru tu."

Wenzake walicheka. Kunegunda alitazama mabenchi, akatazama njia, akaombea hata mlevi mmoja apite. Hakupita mtu. Akatazama chini ya bembea. Akamshika Mwalimu Walburga mkono bila kuomba ruhusa.

"Njoo uone aibu yangu."

Chini ya bembea palikuwa na shimo, udongo mtupu, mgumu kama sakafu.

"Hapa napanda nyasi kila mwaka mvua zikianza," alisema, na sasa sauti ile ya kuamsha parokia ilikuwa imerudi. "Miaka kumi na minane! Nimejaza udongo, nimeweka samadi, nimezungushia miiba. Watoto wameruka miiba. Halijaota jani hata moja. Kiwanja kisicho na mtumiaji, mwalimu, kinaota nyasi!"

Mwalimu Walburga aliingiza mguu shimoni. Kina kilimfika juu ya kifundo. Alisimama hivyo, mguu mmoja chini, manyunyu yakimdondokea kwenye miwani.

"Edmund," alisema, "futa hilo neno. Na vigingi viondoke."

"Sawa, mwenyekiti. Ila mtumishi atakuwa amesaini taarifa ya uongo."

Mwalimu alitoa mguu wake shimoni, akaupangusa. "Hilo ni la ofisi," alisema bila kumtazama Kunegunda. "Si la kamati." Akaelekea kwenye gari, na wenzake nyuma yake.

Edmund alibaki akikunja mwavuli. Hakukuwa tena na utani usoni mwake. "Barua yako ya kupunguzwa utaipata kesho, mama."

Kunegunda alilia, kwa nini nifiche? Alilia huku akienda bandani, na alirudi na jembe begani. Alipofika kwenye kigingi cha kwanza alimkuta karani bado amesimama palepale, kiatu chake karibu na rangi nyekundu.

"Kesho bado, mtani," alisema, akitema mate viganjani. "Leo mimi ni mtunza bustani. Ondoa mguu."