Sabuni ya Uso Isiyo na Mchanga

Tarehe tisa Februari, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu. Aliugua kwa muda mfupi, tukamzika kwetu, upande wa magharibi wa mlima, kando ya shamba la mahindi la mama yangu. Sijui kuandika msiba. Niliishia darasa la saba, na hata ningesoma zaidi naona nisingejua. Kwa hiyo nitaandika habari ya sabuni ya uso.

Mimi ni fundi rangi. Tunaishi Sombetini, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe kidogo kidogo, na kama zilivyo nyumba nyingi za mafundi, yangu ndiyo haijapakwa rangi. Tulibaki wawili, mimi na binti yangu. Namwita yeyo, yaani mama, kwa sababu amerithi jina la mama yangu. Alikuwa kidato cha pili na anamalizia mafundisho ya kipaimara. Gauni jeupe mama yake alikuwa amekwisha kumshonea, kubwa makusudi, ili akue ndani yake.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe, tukiwa tunakunywa chai, yeyo akasema haendi.

“Huendi wapi?”

“Kipaimara. Nitasubiri cha mwakani.”

“Kwa nini?”

Akanisogezea uso. “Angalia.”

Nikaangalia. Nikamwambia naona binti mzuri anayekunywa chai.

“Basi huoni, baba. Hizi chunusi! Unapiga magoti pale mbele, usharika mzima unakutazama usoni, na mpiga picha ndiyo huyo kashasogea. Sura yenyewe hii? Sendi.”

Nilicheka, lakini moyoni niliogopa. Mwakani ni mbali. Mimi nilikwisha kujifunza jinsi mwakani kunavyoweza kuwa mbali. Na gauni lilikuwa linamtosha sasa hivi, mwaka huu, kama vile mama yake alilipima kwa macho ya mbele. Nilitaka aende, na nilitaka aende mwaka huu.

Yeye akainuka, akaenda bafuni, akarudi na tyubu ya sabuni ya uso ya mama yake. Ilikuwa imekaa dirishani muda wote ule. Mimi nilikuwa naoga kwa kuizunguka, na kumbe na yeye alikuwa anaizunguka.

“Mama alikuwa anatumia hii,” akasema, “na uso wake ulikuwa laini.”

Nikaminya kidogo kwenye kidole gumba, nikasugua taratibu, kama ninavyopima ukuta nikimaliza kuupiga msasa. Ilikuwa na punje. Nikafumba macho ili nisikie vizuri.

“Msasa namba mia na themanini,” nikasema.

“Baba!”

“Kweli yeyo. Kwa ukuta inafaa praima, lile koti la kwanza, ikishakauka, kabla ya koti la mwisho la rangi. Kwa uso sijui.”

Jumamosi akaja shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, anayepika kwenye kantini moja kule Makumira. Shemeji haji kimya. Alisikia kesi yote akiwa bado anavua viatu mlangoni, akaamuru tyubu iletwe na maandishi yasomwe. Yeyo ndiye anayejua Kiingereza, kwa hiyo yeye akasoma, na mimi na shemeji tukasikiliza kama watu wanaosomewa wosia.

“Maji,” akaanza.

“Maji tunayo,” shemeji akasema. “Endelea.”

“Glisarini. Maganda ya jozi yaliyosagwa. Halafu hii... titaniamu dioksidi.”

“Simama hapo!” nikasema. “Hiyo ni rangi! Imeandikwa kwenye ndoo za rangi nyeupe. Ndiyo inayofanya rangi ifunike ukuta vizuri.”

Shemeji akashika kiuno. “Kumbe dada yangu alikuwa anajipiga koti la rangi kila asubuhi, na fundi wake amelala ndani!”

Alikuwa ametajwa, na kila mmoja akatazama kikombe chake cha chai. Ndipo yeyo akauliza, bila kucheka, “Alikuwa anaanza na praima?” Chai ikanitoka puani. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Februari ile, na nilipoanza sikujua pa kusimamia.

Akaendelea kusoma, akafika kwenye asidi salisiliki. Hapo nilimpokonya tyubu. Asidi naijua. Tunaitumia kusafishia saruji iliyogandia kwenye marumaru, na ninayo suruali yenye tundu la kuthibitisha.

“Asidi usoni mwa mtoto? Haiwezekani.”

“Ndimu nayo ni asidi, shemeji,” shemeji akanijibu, “mbona unaikamulia kwenye supu?”

“Supu haina ngozi.”

“Supu ya kongoro? Ile ni ngozi tupu!”

Ikaamuliwa twende mjini, kwenye duka la dawa, tuulize wanaojua.

Dada wa duka la dawa alikuwa na subira. Kwanza hakuiangalia tyubu, alimwangalia yeyo. Akampa karatasi laini, akamwambia aigandamize kwenye paji la uso, kisha akaiinua juu kwenye mwanga. Ilikuwa na doa kama karatasi ya maandazi.

“Ngozi ya mafuta,” akasema. Ndipo akaichukua tyubu, akageuza nyuma, akatuonyesha kipicha kidogo cha kopo lililo wazi, na namba kumi na mbili ndani yake. “Maana yake ikishafunguliwa, itumike ndani ya miezi kumi na miwili. Hii ilifunguliwa lini?”

Shemeji alinitazama, nami nikamtazama yeyo.

“Mwenyewe hayupo,” shemeji akasema.

“Akirudi mumuulize.”

“Harudi.”

Dada yule akatuangalia mmoja mmoja, akasema, “Poleni sana.” Kisha akaendelea na kazi yake, nami nilimshukuru kwa hilo.

Alitueleza kwamba kuna njia mbili za kuondoa ngozi iliyokufa. Moja ni ya punje, kama ile ya maganda ya jozi. Punje zinakwangua, na nyingine zina kona kali usizoziona. Mtu mwenye chunusi zilizovimba akijisugua nazo anazichubua, hali inakuwa mbaya zaidi. Njia ya pili ni ya asidi kidogo, isiyo na mchanga wowote, inayolegeza uchafu ndani ya vitundu vya ngozi. Hiyo hupatana zaidi na ngozi ya mafuta. Akamuuliza yeyo kama aspirini huwa inamdhuru, kwa sababu asidi hiyo ni ya ukoo mmoja na aspirini. Yeyo akasema hapana. Akamwambia ajaribu kwanza nyuma ya sikio. Ikikubali, apake usoni jioni, siku moja aache siku moja, povu lisikae, asuuze haraka, apake mafuta mepesi, na mchana ajikinge na jua. Akasema pia kwamba haifai kwa ngozi kavu, wala kwa ngozi yenye vidonda, wala iliyotoka kunyolewa.

Nilisikia kila kitu vizuri, isipokuwa yale yaliyonihusu mimi.

Tulirudi na sabuni mpya. Ile ya zamani yeyo alikuwa ameikumbatia, na sikuwa na moyo wa kumwambia aitupe. Shemeji ndiye aliyepata jawabu.

“Usoni imekataliwa,” akasema. “Visigino je? Visigino havina hadhi hiyo.”

Akachota beseni la maji, akaliweka uani. Kwa vumbi la Sombetini visigino vyetu vilikuwa kama shamba linalongoja mvua. Tukakaa watatu kwenye vigoda, miguu sita kwenye beseni moja, tukaminya ile tyubu mpaka mwisho. Yeyo alikuwa anainusa kila anapominya, na mimi nilijifanya sioni. Harufu ilipanda, ile ya asubuhi mke wangu akitoka bafuni. Shemeji akafuta macho kwa mkono wenye povu, povu likamwingia jichoni, akaanza kupiga kelele.

“Dada! Hata huko uliko unanichokoza!”

Yeyo alicheka mpaka akapindua beseni.

Ile sabuni mpya ilibaki mezani, na mimi sikuiamini. Fundi hapaki rangi ukuta mzima kabla hajajaribu. Lakini nyuma ya sikio niliona ni utani, maana sijawahi kuona fundi anayejaribia rangi nyuma ya kabati. Unajaribia mahali penye mwanga ili uone. Basi Alhamisi, yeyo akiwa shule, nilinyoa ndevu vizuri, nikaamua kujaribia nusu ya uso wangu, ya kushoto. Nusu ya kulia ingebaki ya kulinganishia.

Nikapaka, nikasugua. Hakuna punje hata moja, laini kama maziwa. Nikawaza kwamba dawa isiyo na punje ni kama dawa ya kubandulia rangi. Ile huisugui. Unaipaka, unaiacha, inafanya kazi yenyewe, na ukiona rangi inavimba ndipo unakwangua. Nikatoka nje, nikakaa juani, nikafungua redio. Nilisikiliza taarifa ya habari yote, ikaja michezo, nikasikiliza na michezo. Povu lilikauka, shavu likaanza kuvuta. Nikasema, vizuri, inafanya kazi. Nikaingia ndani, nikasugua kwa dodoki.

Yeyo alirudi shuleni akasimama mlangoni na begi mgongoni.

“Baba, umepigwa?”

“Hapana. Nimejaribu.”

Akanizunguka, upande huu, upande huu. “Umejaribu nusu?”

“Nusu nyingine ni ya kulinganishia.”

Alikaa chini palepale kizingitini. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu yakitetemeka, halafu sauti ikaja yote kwa pamoja, jirani akachungulia. Mimi nilikuwa nawaka shavu zima kama nimelalia pasi, lakini ningekubali na nusu ya pili iwake ili aendelee. Akampigia shemeji simu, akaweka sauti kubwa.

“Alinyoa kwanza?” shemeji akauliza.

“Alinyoa.”

“Akaiacha muda gani?”

“Mpaka matokeo ya mpira.”

“Mwambie asiiguse hiyo nusu ya pili. Tutaihitaji kwa kumtambua!”

Kuanzia hapo yeyo akawa daktari wangu. Alinisuuza kwa maji baridi, akanipaka mafuta mepesi, akanikataza sabuni ya aina yoyote. Yeye ya kwake aliitumia kama alivyoelekezwa, nyuma ya sikio kwanza, kisha usoni, siku moja akiacha siku moja, akihesabu kwa sauti kabla ya kusuuza ili mimi nisikie na kujifunza. Paji la uso lilitulia kidogo. Mashavu bado. Chunusi hazikuisha, nisiseme uongo. Dada wa duka la dawa alikuwa ametuonya kwamba itachukua wiki nyingi, na sisi wiki nyingi hatukuwa nazo.

Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, shemeji alifika na sufuria kubwa ya kupikia pilau. Shavu langu wakati huo lilikuwa linabanduka kama rangi ya bei rahisi kwenye ukuta wenye unyevu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza yeyo kama kesho atakwenda. Shemeji alichambua mchele. Mimi nilimenya vitunguu saumu vingi kuliko vilivyohitajika.

Mwishowe yeyo mwenyewe akasema, “Kesho mzazi anasimama nyuma ya mtoto wake, pale mbele. Si ndiyo?”

“Ndiyo,” nikasema.

“Utasimama hivyo hivyo?”

“Naweza kuvaa barakoa.”

“Hapana.”

“Mimi ninayo poda,” shemeji akasema. “Nitampiga koti moja tu.”

“Hapana, mama mdogo. Bila poda.” Akanigeukia. “Ukienda hivyo ulivyo, na mimi naenda hivi nilivyo. Ukipaka chochote, nasubiri mwakani.”

Niliwaza usharika. Nusu yao nimewapakia rangi nyumba zao. Niliwaza wakinitazama mbele pale, upande mmoja baba, upande mwingine nyanya iliyoiva. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kusema sawa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto waliingia kwa mstari, wamevaa nyeupe tupu, na glovu nyeupe mikononi. Nilipopita kati ya mabenchi nilisikia minong’ono ikinifuata kwa upande wa kushoto tu. Zamu yetu ilipofika yeyo alipiga magoti na mimi nikasimama nyuma yake. Gauni lilimkaa sawasawa, halikumzidi hata kidogo. Mchungaji aliinua macho kunitazama, akayashusha kwenye kitabu, akayainua tena. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yangu, akamwombea, na yeyo akasema amina kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Mimi sikuona vizuri baada ya hapo.

Tulirudi kwenye benchi. Machozi yalikuwa yananichoma lile shavu bichi, nami nilikuwa naogopa kulifuta. Yeyo aliona, akainua mkono, akanigusa kwa ncha ya kidole. Kipande cha ngozi yangu kikabaki kimenatia kwenye glovu yake nyeupe. Akakitazama. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Shemeji, upande wa pili, akambana kwa kiwiko na kusema “shhh,” huku na yeye mabega yakimtetemeka. Mbele mchungaji alikuwa ameanza kumwombea mtoto mwingine. Yeyo akakipuliza kile kipande, kikaenda zake, akakunja gauni vizuri, akakaa.