Mikono Minane ya Bwana Mugambi

Kwaru, kwaru, kwaru. Moraa bado anaisikia: ncha ya bikari ikichonga picha ya pua ya mwalimu wa hesabu juu ya dawati lake la shule, huko Nyamira. Alichapwa, lakini darasa zima lilicheka hadi Ijumaa.

Siku hizi anatunza wazee katika nyumba moja huko Edgbaston, Uingereza, kwenye mtaa wenye miti mingi kuliko watu. Kipenzi chake ni Mzee Swaran, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, aliyefanya kazi ya uchapaji hadi alipostaafu. Moraa akimvisha soksi, mzee humfunulia kitabu kikubwa cha michoro ya dhihaka ya Waingereza wa kale: mfalme mwenye tumbo la pipa, mawaziri waliompanda mkulima mgongoni, madaktari wanaogombania mgonjwa aliyekwisha kufa. Michoro hiyo, alimweleza, ilitundikwa kwenye madirisha ya maduka, na watu wasio na kura walisimama kwenye baridi wakacheka.

"Wakubwa nao walipita kuangalia kama wamechorwa, binti. Aliyeachwa ndiye aliyenuna."

Vidole vya Moraa vikaanza kumwasha. Meneja wao, Bwana Mugambi, Mmeru mpole anayeimba besi katika kanisa lao kule Great Barr, alikuwa ameleta fomu mpya: ya maji, ya usingizi, hata ya tabasamu. Watunzaji walijaza fomu, na uji wa wazee ukapoa. Basi Moraa akamchora na mikono minane, kila mmoja umeshika fomu, na mbele yake ajuza amefungua kinywa kama kifaranga. Mkono wa kushika kijiko haukuwepo. Akaubandika mchoro jikoni pasipo mtu kumwona.

Watu walicheka mpaka saa tisa. Feisal, mpishi, alisema kichwa amekipatia, ila tumbo amelionea huruma. Kisha akasogea karibu, akasoma pembe ya juu, kulia. Shule za kwao hazipokei karatasi isiyo na jina, na mkono wa Moraa ulikuwa umejiandikia wenyewe: jina kamili, tarehe, mstari chini yake.

"Mwasi gani wewe, unajiripoti?" Feisal akamwuliza.

Moraa alikwenda kwanza kumwaga maji ya kuoshea, ndipo aje kuubandua. Aliporudi, karatasi haipo.

Kibali chake cha kukaa Uingereza kinashikiliwa na kazi hiyo. Mugambi alipomwita ofisini, mchoro ulikuwa mezani. Meneja aliutazama, akakiri kwamba masikio ni yake kabisa. Kisha akamweleza shida: mkurugenzi ameuona, na anataka maelezo.

"Andika tu ulikuwa utani, dada Moraa. Mistari miwili, yaishe." Akamsogezea fomu.

Moraa akaishika kalamu. Akaisoma fomu juu hadi chini, akairudisha ilikotoka, na kalamu juu yake.

"Si utani, kaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayelaza mtoto. "Wazee wana njaa."