Siku ya Kufunga Uzi

Sharayu Waghmare alijua kuchomelea chuma kabla hajajua kuendesha baiskeli. Baba yake ana kibanda cha kutengeneza mageti na madirisha karibu na stendi ya mabasi mjini Sangli, na kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume, aliyekuwa akimshikia upande wa pili wa bomba ni huyo binti. Alipoingia mwaka wa pili katika chuo cha uhandisi, mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wa wavulana wote waliokuwa wakijitapa karakanani.

Karakana yenyewe ilikuwa ya klabu ya magari. Kila mwaka wanaklabu huunda gari dogo la kupita matopeni na kwenye mawe, wakalipeleka mji wa Indore kushindana na vyuo vingine. Makampuni huja huko huko kutafuta watu wa kuajiri. Sharayu hakutaka kitu kingine duniani. Macho ya baba yake yalikuwa yameanza kumsaliti kwa ule mwanga wa kuchomelea, na mzee alishasema mwaka huu au mwakani kibanda atakifunga. Akikifunga, nyumba nzima itamtazama Sharayu.

Sasa, klabu ilikuwa ikianza kazi saa mbili usiku, na geti la bweni la wasichana hufungwa saa moja na nusu. Hakuna aliyewahi kusema wasichana hawatakiwi. Walikuwa wakisema, karibuni sana dada zetu, saa mbili kamili. Watu wana adabu za ajabu.

Aliyeivunja desturi hiyo ni Mrunal Kelkar, binti wa wakili, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Sharayu. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Mama yake Sharayu akimtumia mikate ya mtama na chatne ya vitunguu saumu, Mrunal alikuwa akitia mkono kwenye mkebe ule ule bila kuulizwa, naye ni Mbrahmani, wa tabaka la juu, ambaye bibi yake mpaka leo huwatilia watu wa kina Sharayu, wa tabaka la chini, maji kwa mbali asije akawagusa. Sharayu hakulisema hilo kwa mtu, lakini lilimwingia moyoni. Wakaandika barua kwa mkuu wa chuo. Mrunal alikuwa ndiye mdomo, Sharayu ndiye miguu. Alipita mlango kwa mlango bweni zima akikusanya sahihi, akafukuzwa na wengine kama muuza sabuni. Baada ya miezi miwili ya vuta nikuvute, saa za karakana zikahamishiwa alasiri.

Wavulana walinuna, kisha wakazoea. Uchaguzi ulipofika, Mrunal akawa nahodha wa klabu, msichana wa kwanza, na gazeti la mji likatoa picha yake. Sharayu alifurahi utadhani picha ni yake. Mvua zote za mwaka ule alikuwa sakafuni, kinyago usoni, akichomelea fremu ya gari kiungo kwa kiungo.

"Dada Waghmare," Tejas, fundi wa injini, alikuwa akimtania, "hebu tuachie hata kiungo kimoja na sisi tuharibu."

"Nenda kaharibu injini yako. Hiyo huhitaji msaada."

Ikafika siku ya kuadhimisha vifaa, ile ya kuamkia Dasara, sikukuu ya Wahindu. Siku hiyo kila nyundo na kila spana huoshwa, hupangwa, hupakwa manjano na kuwekewa maua, na hakuna anayethubutu kuishika mpaka kesho yake. Kina Sharayu hawafanyi hivyo. Wao ni Wabudha, watu wa kusalimiana "Jai Bhim", na Dasara yao ni kwenda Nagpur, kwenye uwanja ambako babu zao waliiacha dini iliyowaita najisi. Safari hii Sharayu alisita. Alihofia kuonekana anajitenga.

"Sharu, nenda zako na baba," Mrunal alimwambia huku akimfungia begi kwa mikono yake mwenyewe. "Hapa ni maua na nazi tu, shoga, utakaa unapiga miayo. Mimi si nipo? Nitakuangalizia kila kitu."

Sharayu alikaribia kulia kwa shukrani. Alimwambia baba yake ndani ya treni kwamba dunia inabadilika.

Aliporudi siku ya nne, gari lilikuwa bado na maua yaliyosinyaa, na usukani wake umefungwa nyuzi nyekundu pande zote. Akauliza ni za nini. Tejas akamkodolea macho.

"Kumbe hujui? Anayefunga uzi siku ya maua ndiye anayekwenda Indore. Ndivyo ilivyo tangu klabu ianze."

"Imeandikwa wapi?"

"Iandikwe ya nini? Kila mtu anajua." Kisha akaona uso wake, akashusha sauti. "Nahodha alituambia wewe mwenyewe hutaki. Eti mambo ya dini yenu. Mimi nilimwambia akupigie simu, akasema tusikusumbue ukiwa ibadani."

Sharayu alihesabu nyuzi, zikatimia idadi yote ya wasafiri, na wa nahodha, Tejas alimwonyesha, ulikuwa wa juu kabisa.

Alimkuta Mrunal chumbani, amekaa kitandani na karatasi mapajani. Mrunal alimkimbilia kumkumbatia, kisha mikono ikamshuka njiani.

"Ulijua habari ya uzi?" Sharayu aliuliza.

"Nilipochaguliwa waliniambia." Mrunal alitazama dirishani. "Sharu, usiniangalie hivyo. Walisema nafasi ya msichana kwenye safari ni moja. Moja! Ningegombana nao ningeipoteza hata hiyo moja. Na mimi ndiye nahodha, singeweza kubaki."

"Ukanifungia begi."

"Ningekwambia nini? Ungekuja, wangekukatalia mbele ya watu wote. Nilikuepushia aibu."

Sharayu aliona hasira inampanda, na chini ya hasira, kitu kibaya zaidi: alikuwa anatamani kumwamini. Hata pale, hata baada ya hayo yote.

Mrunal akadhani amesamehewa. Akaisogeza ile karatasi. Waandaaji wa Indore, alisema, mwaka huu wanatoa alama kwa klabu zilizowafungulia mlango wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa. Wanataka majina na sahihi, na si lazima mtu awe amesafiri.

"Wewe unahesabiwa mara mbili, Sharu! Kwenye wanawake na kwenye jamii. Wewe peke yako unatupa alama kumi na mbili. Weka sahihi hapa."

Jina lake lilikuwa limeandikwa tayari, mara mbili, kwa wino wa buluu. Sharayu alichukua kalamu. Akalikata la kwanza, akalikata la pili, akairudisha karatasi.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mrunal alilia. "Sema kweli!"

"Ningekwambia baki, usiende Nagpur."

Mrunal akafuta machozi, akatoka bila kufunga mlango. Sharayu alikaa kitandani. Tayari alikuwa ameanza kumtetea kichwani mwake: ni wavulana wale, walimbana, ni woga tu, kesho atakwenda kwa mkuu wa chuo aseme ukweli. Akainuka kumfuata barazani, amwambie twende wote.

Mrunal alikuwa ameegemea ukuta wa baraza, mgongo umemwelekea, amelaza fomu nyingine mpya juu ya daftari. Aliandika jina la Sharayu kwenye wanawake, akaliandika kwenye jamii. Kisha akaweka sahihi, ile ya Sharayu yenyewe, na mkia wake mrefu chini ya W. Miaka miwili walikuwa wakisainiana mahudhurio darasani mmoja akichelewa kuamka, kwa hiyo hakusita hata kidogo. Akaupuliza wino ukauka, akashuka ngazi haraka kuiwahi ofisi kabla haijafungwa.