Siku Nilipomvisha Farasi Katambuga

Wengine aibu zao huzifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, mimi yangu naivaa miguuni, na kila nikipita kwenye sakafu ya bweni inalia twa, twa, twa, hadi ninyi mnaotaka kulala mnanipigia kelele, "We punda, vua hizo katambuga!" Basi leo mmeniuliza kwa adabu kwa nini sizitupi chooni yakaisha, nami nitasema. Mkitaka kucheka chekeni mapema, maana mwanzo unachekesha (mimi mwenyewe siku ile nilicheka kuliko wote), ila kuna mahali mtanyamaza, na sitawaonyesha ni wapi, mtapaona wenyewe.

Kijijini kwetu, ukishapandisha kutoka Mlowo, kuna shamba la kahawa lililokuwa la Mzungu. Mzungu alipoondoka shamba likawa letu sote, pamoja na nyumba yenye mabomba yasiyotoa maji, mtambo wa kumenya kahawa, na farasi mmoja wa rangi ya udongo mwekundu. Enzi za Mzungu farasi aliitwa Sultani. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Nzowa, akasema jina hilo linanuka ukabaila, basi farasi akaitwa Ndugu Sultani, na watoto wakipita bandani wanamwamkia shikamoo.

Aliyemtunza ni Baba Mdogo Yohana, mdogo wake baba yangu, aliyekuwa naye tangu farasi akiwa mtoto anayumbayumba kwa miguu mirefu. Baba Mdogo mke wake alifariki zamani, mtoto hakupata, alichokuwa nacho ni farasi. Ukimtafuta nyumbani humpati, ukienda bandani unawakuta wawili wamesimama wanatafuna, mmoja majani, mmoja muhindi wa kuchoma, kimya, kama wazee waliokwisha kuambiana yote.

Sasa kwenye mikutano ya kijiji watu wakaanza kunung'unika kwamba huyu ndugu halimi, hakamuliwi, haliwi, yeye ni kula tu, na mtu wa kula tu bila jasho tulikwisha kufundishwa jina lake, ni kupe. Mwenyekiti akamtetea, akasema zahanati iko chini barabarani na vitongoji viko juu mlimani, farasi atatupandishia dawa. Maneno yakabishaniwa mpaka yakafika wilayani, na wilayani wakasema watamleta mtu aone kwa macho yake. Farasi akipanda na sanduku la dawa kutoka barabara kuu mpaka uwanja wa kuanikia kahawa, abaki. Akishindwa, aondolewe, na kila mtu alijua kuondolewa maana yake nini kwa mnyama mzee. Baba Mdogo aliambiwa hayo mbele za watu. Akasema, "Nimesikia," akavaa kofia yake, akarudi bandani.

Na kupanda angepanda, nguvu alikuwa nazo, shida ilikuwa miguu. Mzungu alikuwa akimwita fundi kutoka mbali kuja kumpigilia vyuma kwenye kwato, na vyuma vya mwisho vilipochakaa Baba Mdogo aliving'oa, tangu hapo Ndugu Sultani akawa peku kama sisi wengine. Kwenye nyasi hakuwa na neno. Lakini njia yetu ya kupandia ilikuwa imemwagiwa kokoto zilizobaki kwenye ujenzi wa barabara kuu (tulizipokea kwa ngoma, tukidhani ni maendeleo), kokoto zenye meno, na farasi akizikanyaga anatembea kama mwizi anayevuka ua la miiba.

"Lazima avae viatu," akasema Baba Mdogo. Akaniangalia mimi. "Na wewe si ndiye fundi viatu?"

Kweli nilikuwa fundi, au nilijiita hivyo. Siku za Jumamosi nilikaa na mshona katambuga pale sokoni Mlowo, namshikia tairi anakata, nikajua kukata kanda, kutoboa, kupigilia misumari midogo. Likizo hiyo nikajiona mhandisi.

Tulianza na magunia. Tukamfunga gunia la katani lililokunjwa, ndani tumeweka nyasi laini, akapendeza kama mgonjwa wa hospitali, lakini kabla hajafika mtoni kokoto zilikwisha kula gunia na anaburuza kamba. Hayo tukayaacha.

Baba Mdogo akaingia stoo akatoka na viatu vinne vya ngozi, alivyoviacha Mzungu, vyenye mikanda na vifungo vya shaba. Ngozi ilikuwa imekauka ngumu kama mkate wa juzi, mkanda mmoja ulikuwa umeliwa na panya, na halafu havikulingana, viwili vilikuwa vya duara, viwili vyembamba. Mimi nikavigeuza nikacheka.

"Baba Mdogo, hivi vimesinyaa. Angalia, hivi viwili vimekonda kama vimefunga Kwaresima."

"Ngozi ikilainishwa kwa mafuta itakaa," akasema. "Havina sura, lakini vilimkaa zamani."

"Vina viraka! Mgeni wa wilaya atakuja kuona viraka vya mkoloni? Mimi nitamshonea vya raba. Vya kujitegemea."

Tairi nililipata kwa Shabani, dereva wa lori anayelala Tunduma, ambaye tairi lake lilipasuka pale Mlowo akalitupa kando ya barabara kwa matusi ya Kibemba aliyoyaokota mpakani. "Chukua, dogo," akasema, "lakini tairi hilo limenisaliti mimi, litakusaliti na wewe." Nikaona ni maneno ya mtu mwenye hasira.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Mshona katambuga hakupimi miguu miwili. Mnajua wenyewe, unakanyaga tairi mguu mmoja, anachora kwa chaki, anakata zote mbili, wala hakuna ya kulia na ya kushoto, ukiamka gizani unavaa yoyote. Ukishapima mguu mmoja umepima yote, ndivyo nilivyofundishwa. Basi nikamsimamisha Ndugu Sultani, nikachora ukwato wa mbele, duara safi kama sahani, nikakata nne za kufanana. Kwenda kupima nyuma sikwenda. Kwanza nyuma ya farasi kuna mateke. Pili, nilisema moyoni, huyu ni mnyama wa miguu minne, si wanyama wanne.

Nilizishona zikatoka nzuri ajabu. Chini zina meno ya lori, pembeni nimezipandisha kama bakuli, juu kanda mbili za mpira wa ndani wa tairi. Tukamvisha, tukamtembeza polepole kwenye nyasi za bandani, akaenda vizuri. Baba Mdogo akainama, akaitazama miguu ya nyuma kwa muda mrefu.

"Nyuma ulipima?"

Ningeweza kusema hapana. Neno dogo tu, na tairi lilikuwa limebaki la kukatia nyingine. Lakini mimi nikiona mtu amekunja uso nawashwa ulimi, nikasema, "Baba Mdogo, hii ni nchi ya usawa. Miguu ya nyuma nayo inataka kuonewa?"

Akacheka. Tangu ule mkutano wa kupe hakuwa amecheka, na siku hiyo alicheka mpaka akashika shingo ya farasi ili asianguke, akasema, "Kijana una maneno wewe," wala hakuuliza tena. Nikaondoka kifua mbele. Nilidhani nimemfanyia jambo jema.

Siku ya mgeni ikafika. Wanafunzi tukapangwa uwanjani na bendera za karatasi, akina mama wakawa na ngoma yao, mgeni ameketi kivulini kwenye kiti cha Mzungu, askari wake na bunduki kasimama nyuma. Kule chini farasi akatokea, Mwenyekiti juu yake na sanduku la dawa kifuani (alikataa katakata kumwachia mtu mwingine heshima hiyo, ingawa maisha yake yote alikuwa amepanda baiskeli tu), Baba Mdogo mbele ameshika hatamu. Farasi alipita kwenye kokoto kama anapita kwenye pamba. Watu wakaanza kuguna, mama mmoja akasema, "Kumbe kupe anavaa viatu na mimi sina!" na kicheko kikapita uwanja mzima.

Wakaingia uwanjani. Hapo mambo yalikuwa yamekwisha, tumeshinda, ilibaki kushuka tu. Lakini Mwenyekiti hakushuka. Akasimamisha farasi akapaza sauti: "Ndugu mgeni! Viatu hivi havikutoka Ulaya! Vimeshonwa na kijana wetu, mwanafunzi! Pita hapa kijana uonekane!"

Nikapita. Nikasimama karibu na mgeni, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo, na mgeni akasema, "Hebu nimwone akikimbia kidogo."

Mwenyekiti akampiga visigino.

Katambuga ya nyuma ya kulia ndiyo iliyoanza. Niliiona ikizunguka, kisigino kikaja mbele, mdomo ukaenda nyuma, farasi akakanyaga ule upande uliozidi akajikwaa. Akarusha mguu aitoe. Haikutoka, ila ilipanda juu ya ukwato ikawa inaning'inia kwa kanda zake, na kila hatua inampiga mguu wa pili, twa! Akastuka. Akikimbia inampiga, ikimpiga anakimbia. Hatamu zikamponyoka Baba Mdogo. Ndugu Sultani akapita katikati ya ngoma, akina mama huku na ngoma huko, sanduku likaruka chupa zikapasuka, na kwenye kona ya mtambo farasi akakata kushoto, Mwenyekiti akaendelea moja kwa moja, akatua ndani ya birika la kuoshea kahawa, lile lenye maji mazito ya maganda yaliyochacha.

Alipoinuka, maganda yamemjaa kofiani, uwanja ulianguka kwa kicheko. Mgeni alicheka akashika tumbo. Mimi nilicheka mpaka machozi, jamani, sitawaficha, nilikuwa nimekaa chini nacheka na kunyoosha kidole.

Ndipo tukasikia. Kule mtoni kuna daraja la magogo, na kati ya gogo na gogo kuna nafasi. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu amevunja mpini wa jembe gotini. Kicheko hakikukatika mara moja, kilikufa kwa vipande, wa mbele walinyamaza kwanza, halafu wa nyuma wasiojua, na nadhani wa mwisho kunyamaza nilikuwa mimi.

Nilipofika, Baba Mdogo alikuwa amepiga magoti, kichwa cha farasi kiko mapajani mwake. Katambuga ilikuwa imenasa kati ya magogo, na mguu ulikuwa umekwenda upande ambao miguu haiendi. Askari akaja, akasimama mbali kidogo, akamsubiri mgeni aseme, na mgeni akamwitikia kwa kichwa tu. Hakuna aliyebishana.

Baba Mdogo akavua koti lake akalifunika kwenye macho ya farasi. Kisha akaniita kwa jina, taratibu, kama ananiita kula.

"Njoo umvue viatu vyako."

Nikavivua. Farasi alikuwa anatetemeka mwili mzima kama injini ya lori, na kanda zilikuwa zimekaza kwa jasho. Vya mbele vilitoka kwa shida, vilikuwa vimemkaa kama ngozi yake. Cha nyuma, ule mguu mzima, kilitoka chenyewe. Nikauona ukwato kwa karibu kwa mara ya kwanza. Mwembamba. Mrefu mbele, umebanwa pembeni, umbo lilelile la vile viatu viwili vya ngozi nilivyosema vimefunga Kwaresima. Pembeni mwa katambuga yangu vidole vyangu viliingia na nafasi ikabaki. Nikainua macho nikakuta Baba Mdogo anatazama vidole vyangu hapohapo vilipo.

Akainama sikioni kwa farasi, akamwambia maneno ambayo sisi hatukuyasikia. Askari akasogea.

Mmenyamaza. Niliwaambia mtapaona.

Watu wa wilayani walishauri tusipoteze nyama, lakini hakuna mama aliyeleta sufuria, hata wale wa kupe. Tulimzika sisi wanafunzi, kati ya mikahawa, na shimo la farasi ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Mwenyekiti bega lake halijapona. Nyumbani hakuna aliyenichapa wala kunifokea, na ningewashukuru kama wangefanya hivyo, maana mchana kutwa niliona Baba Mdogo akienda bandani na muhindi wake, anasimama upande wake uleule, anatafuna, nafasi ya mwenzake ameiacha.

Siku ya kurudi shule alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipotokea akatoa kifurushi cha gazeti. Ndani zilikuwa hizi. Zile katambuga nne amezikata, kila mbili ameziunga kwa misumari zikawa moja, ndiyo maana katikati zinalia, na meno ya lori bado yako palepale.

"Nilikupima ulipolala mchana," akasema. "Miguu yote miwili. Wa kushoto umeuzidi wa kulia, ulijua?"

Sikujua. Nikasema ahsante, Baba Mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikupata cha kuongezea.

Basi nimeapa. Sitapima mguu mmoja nikasema nimepima yote, na mtu akiniuliza swali kwa uso uliokunjamana, nitamjibu kwanza, utani baadaye. Katambuga nitavaa mpaka ziishe, na raba ya lori mnajua inavyoisha. Mnasema lazima zinanibana ndiyo maana natembea vile. Hapana, wenzangu. Hii ya kulia ni ya kulia, hii ya kushoto ni ya kushoto, sijawahi kuvaa kiatu kilichonikaa namna hii.