Kambi Ukingoni mwa Shimo la Magadi

Matope ya magadi yana harufu ya yai bovu iliyochanganyika na vumbi la moto. Hata leo nikipita sokoni Isiolo karibu na kibanda cha mama anayeuza magadi na tumbaku ya kutafuna, hasira hunipanda kabla sijakumbuka sababu yake. Sababu ni likizo moja ya Agosti, nilipokuwa darasa la tano, baba alipoahidi kutupeleka kupiga kambi kwenye shimo kubwa lililoachwa na volkano, upande wa Kulamawe. Kule ardhi ni mawe meusi matupu, halafu ghafla inakatika, na chini kabisa kuna maji ya kijani na watu wanaochota magadi. Nilitaka kufika pale chini. Darasani nilikuwa nimeshatangaza kwamba nitarudi na bonge nililolichota kwa mikono yangu, na jirani yangu wa dawati, Kathure, ambaye mjomba wake alikuwa mchimbaji, alikuwa amenicheka mbele ya wote. Alisema mtoto wa mwenye lori hawezi kushuka njia ile.

Mama hakuelewa habari ya kambi. Mamake alizaliwa safarini, kati ya mizigo ya ngamia, na familia ilihangaika miaka mingi hadi ikapata nyumba mjini. "Watu yetu walitoka porini wakajenga nyumba ya mabati," alimwambia baba. "Sasa wewe unarudisha watoto yangu porini, na nyumba wako nayo?" Hata hivyo alifunga safari kwa namna yake: mkeka, jiko la makaa, chupa za chai, sufuria kubwa ya arusi, na mto wa kila mtu. Vyote vikapakiwa kwenye lori la baba, kwa kuwa gari jingine hatukuwa nalo.

Kosa letu lilikuwa hilo lori. Baba alikuwa akilibebesha sukari na unga kwenda, na mbuzi kurudi, kwa hiyo wafugaji wote wa upande ule walilitambua kutoka mbali. Lori kama lile likisimama porini, watu wanajua linangoja mzigo. Baba alijua hivyo kuliko mtu yeyote, na bado aliliegesha ukingoni mwa shimo, kando ya njia ya mifugo, akafunga turubai ubavuni, akakaa kwenye mkeka akifurahia upepo. Asubuhi yake, tulipomaliza kifungua kinywa, nilikuwa nimeshavaa viatu. Hapo ndipo akatokea mzee mmoja Mborana, Mzee Guyo, na mbuzi wake nyuma.

"Salaam aleikum," akasema, na siku yangu ikaishia hapo. Kwetu mgeni haulizwi anataka nini. Anaketishwa, anapewa chai, kisha habari zinaanza. Mvua imenyesha wapi, nyasi ikoje, kisima gani kimekauka, nani ameoa, ngamia wa nani amepotea. Habari hizo hazikatizwi, maana ndizo zinazomwambia mtu ahamishie wapi mifugo yake. Baba alijibu kila swali taratibu kwa Kiborana. Kabla Mzee Guyo hajamaliza, wakaja wengine wawili, na habari zikaanza upya kutoka kwa mvua. Mama akaweka sufuria ile kubwa motoni. Jua lilipanda, mawe yakawaka moto, na mimi nilizunguka lori nikipiga teke kila kokoto. Chini niliwasikia wachimbaji wakiitana.

"Aabo, tushuke sasa?" nilimnong'oneza baba.

"Wageni wako hapa. Unataka niambie hawa wangoje, mimi naenda kuangalia shimo?"

"Kesho je?"

"Kesho, inshallah."

Kesho yake Mzee Guyo alirudi na mbuzi wengi zaidi. "Soko ya mbuzi ni kesho, na gari iko hapa," alisema kwa furaha. "Mungu ametuletea." Baba angesema nini? Kwamba amelala porini kwa kupenda, na lori zima halina kazi? Alinitazama mara moja, akaanza kufungua turubai. Nililia kwa sauti, nikakumbatia jiwe, na mama akanibandua kama kupe. Mzee Guyo aliniona, akatoa mfukoni bonge la magadi akanipa. Nililipokea kwa sababu mama alinikazia macho. Tulirudi mjini tumebanana na mbuzi, mmoja wao akitafuna mto wangu. Shule ilipofunguliwa, Kathure aligeuza lile bonge mkononi akauliza, "Umechota mwenyewe?"

Mwaka huu niliwapeleka watoto wangu. Barabara imekuwa nzuri, gari letu ni dogo na hakuna mfugaji anayelijua, na kabla ya saa sita tulikuwa chini kabisa, tukikanyaga matope yale. Nilichota bonge langu kwa mikono yangu. Wachimbaji walikuwa wakipakia punda, tukapishana nao bila neno. Mwanangu mkubwa aliangalia huku na huku, akasema, "Mama, ni hii tu?" Nilikasirika, nikawaambia turudi juu. Tulipopanda juu nikampigia baba simu. Siku hizi magoti yamemfungia nyumbani, na lori liliuzwa zamani.

"Aabo, nimeshuka! Nimefika mpaka chini."

"Mashallah. Mmekutana na nani?"

"Nimesema nimeshuka, Aabo. Kwenye shimo."

"Nimesikia. Nauliza mmekutana na nani. Mvua iko upande gani?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza mtu. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata simu. Mpaka leo hajaniuliza kule chini kuna nini.