Nani Alishuka Treni wa Kwanza

Wenzangu mliokulia Kamina wakati treni ikipiga honi mji mzima unajua ni saa ngapi, nyinyi mtanielewa. Shuleni tulikwenda pekupeku, viatu mkononi, tukavivaa mlangoni ili mwalimu avione, kisha tukavivua saa ya kurudi. Mchana tulicheza nzango, wasichana mistari miwili tukitazamana, makofi na miguu, mpaka vumbi jekundu linatupaka hadi kwenye nyusi. Jioni bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na kama mjomba amerudi kutoka Bukama, samaki mkavu ambaye harufu yake ilifika nyumbani kabla ya mjomba mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa tano wa primaire, shule ya msingi, Mwalimu Kalenga alipotupa kazi: tukaulize wazee, nani alifika wa kwanza katika mtaa wetu, ule ulio nyuma ya kambi ya wafanyakazi wa reli. Kesho yake tulisimama mmoja mmoja kusoma, na kumbe mtaa ulikuwa na waanzilishi wengi kuliko nyumba. Babu wa mmoja alikuta simba tu. Babu wa mwingine alifika kabla ya simba.

Mimi nilisoma kwamba wa kwanza alikuwa nkambo wangu, bibi aliyenilea, Mkatoliki wa rozari shingoni. Kabla sijakaa, rafiki yangu Numbi akanyanyuka. Yeye alikuwa wa familia ya Wametodisti, watu wa vitabu na kola safi. Akasoma, sauti juu, kwamba wa kwanza alikuwa nkambo wake, Mama Mwadi.

"Nkambo yako ni muongo!" nikamwambia.

"Yako njo muongo!"

Tulikuwa tunakaa benchi moja na kuchonga kalamu moja. Siku hiyo Numbi alihamia benchi la nyuma. Siku tatu hatukusemeshana. Kwenye nzango alisimama mstari wa upande wa pili, akanishinda mara tano, na hata hakucheka. Hapo ndipo nilijua mambo ni mabaya. Nyumbani nilikataa kula, na kwa nkambo wangu mtoto kukataa bukari ilikuwa habari ya kuitia padri.

Mwalimu akaamua kumaliza maneno. Siku ya nne alitupanga mistari, akawaalika nkambo zetu wawili watuongoze mtaani. Walikuja wamevaa vitenge, pagne za siku kuu. Tulianzia tanki kubwa la maji karibu na la gare, stesheni yetu.

"Hili tulilikutaka hapa," akasema nkambo wangu.

"Hapana, lilijengwaka nyuma ya sisi kufika," akasema Mama Mwadi.

Tukafika kwenye shimo la matofali, ambako kila mvua tuliogelea na kila mara tulichapwa. Mmoja akasema tofali za kwanza zilijenga kanisa lake. Mwingine akasema hapana, la kwake. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika, mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama zangu," akasema kwa upole, "kila mmoja alifika siku gani?"

Wakatazamana. Mama Mwadi ndiye aliyeanza kucheka.

"Tulifikaka siku moja," akasema. "Treni moja. Vagon moja. Tulikuwa babibi-arusi, bote babili tunalia."

"Lakini minyi njo nilishukaka wa kwanza!" nkambo wangu akadakia. "Weye ulikuwa ungali unakimbiza kuku yako chini ya benchi!"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Miaka yote ile ya nkambo zetu kupitana njiani bila kusalimiana vizuri, kumbe ugomvi ulikuwa wa ngazi tatu za kushukia behewa. Numbi alinitazama. Nami nilimtazama. Tukaziba midomo kwa mikono, lakini kicheko kilitoka puani.

Mwalimu akasubiri tutulie. "Na mliposhuka, nani aliwapokea?"

Nkambo wangu alishika rozari yake.

"Kulikuwa mama moja," akasema polepole. "Alikuwa na shamba ya mihogo, pale kwenye iko nyumba ya Mwalimu sasa. Alituona tunatetemeka na baridi, akatupatia moto."

"Na mihogo ya kuchoma," akaongeza Mama Mwadi. "Kisha bantu ya reli balimuambia ahame. Alibeba kinu yake, akavuka mto."

"Jina lake?"

"Hatukumuulizaka," akasema nkambo wangu.

Wale wanawake wawili walisimama pamoja, bega kwa bega, wakitazama paa la nyumba ya Mwalimu. Mwalimu mwenyewe aliangalia nyumba yake kana kwamba haijui.

Numbi alirudi benchi letu. Tuliandika kazi moja kwa miandiko miwili: wa kwanza katika mtaa wetu alikuwa mama mwenye shamba la mihogo. Mwalimu alitupa alama nane juu ya kumi. Mbili zilizobaki, alisema, ni za jina. Jumapili nyingi baada ya misa na ibada tulivuka mto kuwauliza wazee, hatukulipata. Nkambo zetu walianza kutembeleana, na wiki haikupita wakagombana tena: nani kati yao alipokea ule moto wa kwanza.

Siku hizi wajukuu wangu wakitaka kujua Kamina ilianzaje, wanainamia simu. Majuzi mmoja alinionyesha picha ya stesheni, akaniambia, "Nkambo, njo hapa ilianzia." Nilimuuliza nani alimwambia. Akashangaa, simu si mtu. Anapata jibu kwa sekunde moja, na halimpeleki kwa mtu yeyote. Enzi zetu, ukiuliza swali, ulijibiwa na watu wawili waliokuwa wanagombana, jibu lilichukua siku nne, na kabla hujaondoka walikulisha.